Kidole Kimoja

Ziko saba, juu ya kabati la vyombo,
mbali na dirisha,
maana jua la Webuye halina adabu:
lilikula picha yetu ya harusi
hadi Nekoye akabaki gauni bila uso.

Kila Desemba huja moja,
imevishwa soksi za mtu nisiyemjua,
kutoka kwa Khaemba, mwanangu,
apangaye mapipa kwenye maghala ya Kentaki.
Miaka saba, chupa saba.
Yeye mwenyewe bado.

Nilikata karatasi kiwandani miaka ishirini na sita
kabla mashine hazijanyamaza,
kwa hiyo lebo huzisoma kwa kidole gumba:
hii imechanganywa pamba, hii msonobari mtupu,
hii imechanwa kwa mkono ionekane ya kale.
Ya tano ina shingo ya nta nyekundu
iliyotiririka ikaganda njiani
kama mtu aliyeitwa akasita.
Pipa moja tu, alisema Khaemba. Likiisha limeisha.

Mama yangu alipika busaa kule Lugulu.
Busaa haijui kungoja.
Siku ya tatu inakuita kwa jina,
ya nne inakununia,
ya tano kuku wanapepesuka uani.
Hakuwa na kabati, wala ufunguo.
Alikuwa na chungu, mirija, na watu.
Nami mwanawe nilijifunza wapi
kupangusa kinywaji vumbi?

"Unangoja nini?" Nekoye huuliza, akikunja nguo.
Nangoja aje, tuifungue naye.
"Chupa haimvuti mtu kwa kamba," husema,
na shuka hupata pembe zake nne.

Kisha, Aprili, nikiifuta ile ya tano,
nikaona imeshuka.
Nta nzima, kizibo kizima, hakuna aliyeigusa,
lakini pale ilipokuwa imefika begani
sasa pana kidole kimoja cha hewa.
Nikaiinua kwenye mwanga, nikainusa kama mbwa.
Ilikuwa ikiondoka, bila kuaga,
huku mimi nikijisifu kwamba naitunza.

Jumamosi ile akaja Lusweti,
tuliyekuwa naye kwenye mashine namba mbili,
ametoka Eldoret kuchomwa koo kwa miale.
Kila chakula sasa ni karatasi, alisema, akacheka,
kwa kuwa sisi tunaijua ladha ya karatasi.
Akatazama juu ya kabati.
"Si kunywa. Kunusa tu."

Kisu cha kumenyea viazi.
Nta ikamwagika vipande mezani,
Nekoye akaviokota, akavitia kwenye kopo la vifungo.
Kizibo kikakatika nusu;
tukachuja kwa kichujio cha chai.
Lusweti akafumba macho juu ya kikombe
muda mrefu hata nikaogopa.
"Mbao," alisema. Kisha: "Mbao zilizoungua."
Kisha hakusema tena, ila kikombe hakukirudisha.

Usiku nikampigia Khaemba. Kwao bado mchana;
mapipa yaligongana nyuma yake.
Nimefungua ya tano, nikasema. Samahani.
Akanyamaza. Nikasikia salio likiyeyuka.
"Ilikuwaje, Baba?"
Nilidhani unajua.
"Ile? Ilinikata mshahara wa wiki mbili.
Mimi huviringisha mapipa tu. Niambie ilikuwaje."

Nikatafuta. Kiswahili changu ni cha zamu na grisi.
Nikamwambia: hukuwa umezaliwa
ghala la bibi yako liliposhika moto.
Tulizima kwa ndoo hadi kisima kikatoa tope,
na asubuhi tukakuta mahindi ya katikati
yamekauka, matamu, yananuka moshi.
Tukayala wiki nzima, tukilamba vidole,
bibi yako analia, anacheka, anatuongeza.
Ni yale. Ilikuwa yale.

Kidole kimoja nimekuwekea
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Kifuniko chake hakikazi vizuri.